Nimelipia pleti ya mbwa na paka Texas, dola 30 kwa mwaka. Hela inakwenda wapi?

#1 Kijana wa Chuda (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa ofisi ya kodi ya kaunti hapa Houston, nimekwenda kuhuisha usajili wa gari. Walioko Texas wanaijua ile foleni. Unachukua namba, unakaa, unasoma kila kilichobandikwa ukutani mpaka unaanza kurudia. Ukuta ule una picha za pleti namba za kila aina: za vyuo, za wastaafu wa jeshi, za hifadhi, na moja ya mbwa na paka imeandikwa "Animal Friendly". Zamu yangu ilipofika nikamwambia mama wa dirishani, na hii pia. Dola 30 juu ya ada ya kawaida, na ni kila mwaka. Mke wangu aliposikia akaniuliza kama nilikuwa na homa.

Homa sina. Nina deni.

Mwaka juzi kuna jike la mbwa, rangi ya udongo, lilihamia nyuma ya mapipa ya taka ya apatimenti zetu. Halina mwenyewe. Likazaa saba chini ya ngazi. Wawili walichukuliwa na majirani, mmoja akakanyagwa na lori la taka mwanangu akiangalia, waliobaki wakaja kuzolewa na gari la wanyama wa jiji. Hatujakaa sawa, tumbo hilo tena! Hapo jirani yangu, mzee mmoja wa Uvira, Kongo, alikuwa ameshampa jina: Mama Taka.

Tukakubaliana mimi na Mzee kwamba akishanyonyesha tunamkamata, anakwenda kutolewa kizazi. Kumkamata tu ilikuwa siku nne na kuku wa kukaanga. Kliniki ya kwanza tuliyopiga simu ni ya binafsi, wakatupigia hesabu: kipimo cha damu, nusukaputi, upasuaji, dawa ya maumivu, kola ya shingoni asijilambe kidonda. Dola 480. Mzee akaniangalia, akasema, "Huyu mbwa ni ya prezida?"

Tukahangaika hadi tukapata kliniki ya bei nafuu. Dola 75, na chanjo ya kichaa cha mbwa humo humo. Pale mapokezi pamebandikwa karatasi: sehemu ya gharama inalipwa na ruzuku ya jimbo inayotokana na pleti za magari. Nikabaki naisoma ile karatasi. Miaka tisa niko huku, nilikuwa najua zile pleti ni mapambo ya watu wenye hela za kuchezea.

Nikaenda kufukua. Utaratibu wa Texas uko hivi. Katika zile dola 30, 22 zinaingia kwenye akaunti maalumu ya jimbo ambayo kisheria ina kazi moja tu: kulipia kuhasi mbwa na paka kwa bei nafuu. Zile 8 zinabaki kwenye uendeshaji. Anayegawa ni idara ya afya ya jimbo. Ndiyo, ile ile inayofuatilia surua na kifua kikuu, kwa sababu kichaa cha mbwa kiko chini yao. Makazi ya wanyama (wanakowekwa wasio na mwenyewe) na mashirika yasiyo ya faida yanaandika maombi, yanashindanishwa, washindi wanapewa ruzuku.

Sasa hesabu ya dukani. Tuseme upasuaji wa mbwa jike mmoja kwenye kliniki ya aina ile unaigharimu kliniki yenyewe dola 110. Pleti tano ndiyo mbwa mmoja. Watu watano, mwaka mzima, kila wakiwasha gari, ndiyo Mama Taka mmoja. Sijui nicheke au nilie.

Wenye uzoefu wa majimbo mengine njooni. Huko kwenu mnalipa ngapi, na hela inafika?

#2 Njugu Mawe

Kiongozi, nyumbani watu wanahaha na ada za watoto, wewe unalipia mbwa afungwe kizazi. Marekani imekumaliza.

Ila huyo Mama Taka sasa hivi yuko wapi? Usituache hewani.

#3 Mchele wa Kyela

Naweka kambi hapa. Chai na kashata zipo.

#4 Tumbaku Kavu

Niko Virginia, karibu na Richmond. Huku nazo zipo, tena jina ni hilo hilo, "Animal Friendly". Jimbo hili lina ugonjwa wa pleti, aina zimepita 200, ukikaa kwenye taa nyekundu unasoma kama gazeti.

Yetu ni dola 25 kwa mwaka. Zikishauzwa 1,000 za mwanzo, kila inayofuata inatoa dola 15 kwa ajili ya kuhasi. Lakini tofauti na Texas, hakuna kapu la jimbo. Hela inarudi kwenye kaunti au mji ambako gari limesajiliwa. Kaunti ikipenda inaendesha kliniki yenyewe, ikipenda inawapa shirika.

Ukiisikia mara ya kwanza unasema haki bin haki. Sasa jiulize wanunuzi ni nani. Ni watu wa Fairfax na Loudoun, wenye mishahara ya Washington, ambao mbwa wao alihasiwa akiwa na miezi sita na ana bima ya afya kuliko mimi. Mbwa wanaozaliana ovyo wako kule kusini-magharibi milimani, migodi ya makaa ilikofungwa. Mtu wa kule akilipa usajili amejikaza, hizo 25 za picha ya paka atazitoa wapi? Hela inafuata gari, haifuati mimba.

#5 Kijana wa Chuda

Tumbaku Kavu, hapo umenipiga pabaya, maana nilikuwa nadhani kuirudisha kwenye kaunti ndiyo njia safi. Kwa maelezo yako kapu la jimbo lina nafuu: angalau dola yangu ya Houston inaweza kwenda Bonde la Rio Grande, kule mpakani, mbwa koko walikojaa.

Ila kapu nalo lina wenyewe. Ruzuku ya kushindania anaipata anayejua kuandika maombi. Shirika la mjini lina mtu analipwa mshahara kwa kazi hiyo tu. Kule kijijini ni mama mmoja na gari lake bovu, paka 14 sebuleni, atakaa saa ngapi kujaza fomu?

@Njugu Mawe, Mama Taka yupo, tulia.

#6 Nesi wa Paka

Nimesoma kimyakimya, sasa naingia, kwa sababu hii ni kazi yangu. Mimi ni msaidizi wa daktari wa wanyama kwenye kliniki ya kuhasi tu, Florida, upande wa Tampa. Huku pleti inaitwa "Animal Friend", ni dola 25 kwa mwaka juu ya usajili, na inayogawa ruzuku ni taasisi isiyo ya faida, kwa kushindanisha maombi vilevile.

Naomba niwaonyeshe dola zenu zinavyotumika, maana wengi mnadhani ni hela ya kubembeleza paka.

Saa 1 asubuhi foleni iko nje. Watu na vizimba, wengine paka wako ndani ya pilokesi imefungwa fundo. Wote wamekuja na njaa, maana mnyama aliyekula akipewa nusukaputi anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Tunapima uzito, daktari anasikiliza moyo, sindano. Tunanyoa tumbo, tunasafisha mara tatu. Daktari anapasua sehemu ndogo, kwa paka ni kama upana wa kidole, anaingiza kijikulabu na kuvuta pembe moja ya kizazi. Kizazi cha paka kina umbo la herufi Y. Anafunga mishipa, anakata, pembe ya pili, anafunga, anashona. Daktari aliyezoea, paka jike ni dakika chache tu. Dume ndiyo usiseme, unageuka kuchukua pamba unakuta kashamaliza. Kwa siku tunamaliza wanyama 30 hadi 40 na daktari mmoja. Hapo ndipo bei inaposhuka. Kliniki ya kawaida wanafanya wawili watatu katikati ya kazi nyingine, na vipimo vyao ni vingi zaidi, ndiyo ile 480 ya mleta uzi. Sio wezi, ni aina nyingine ya duka.

Kabla hatujamwamsha tunamchora mstari mdogo wa kijani kwenye ngozi ya tumbo, wino wa kudumu kama tatuu. Bila huo mstari, akipotea na akaokotwa, mtu atampasua tena kutafuta kizazi ambacho hakipo. Nimeshuhudia. Paka wa mtaani wasio na mwenyewe tunawakata ncha ya sikio moja wakiwa bado wamelala, ili anayewatega ajue kwa mbali kwamba huyu tayari, amwachie.

Mambo mawili yananichosha kazini. La kwanza ni "mwache azae hata mara moja ndiyo apate afya". Hakuna kitu kama hicho. Mbwa jike akihasiwa kabla ya joto la kwanza, yaani kabla hajaanza kutaka dume, hatari ya saratani ya matiti inashuka sana, na ule ugonjwa wa kizazi kujaa usaha, ambao unaua, haumpati tena. La pili ni lile bango la "paka mmoja na uzao wake wanafika 420,000 kwa miaka saba". Jamani. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, inachukulia kwamba hakuna kitoto kinachokufa. Vingi vinakufa. Ukweli wenyewe unatosha bila kuutia chumvi: paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, mimba ni miezi miwili, na anaweza kushika nyingine huku ananyonyesha.

Halafu kuna jambo ambalo pleti hailitatui. Hela zinatoka kwenye magari, na anayezihitaji kuliko wote ndiye asiye na gari. Nina wateja wanaokosa miadi kwa sababu huwezi kupanda basi na pitbull. Ruzuku nyingi zinalipia upasuaji, hazilipii usafiri. Na hata hela ikiwepo, madaktari hawatoshi. Mwaka 2020 korona ilisimamisha upasuaji usio wa dharura, mimba hazikusimama.

#7 Mchele wa Kyela

Nesi huyu apewe maua yake. Ile ya mstari wa kijani sikuwahi kuisikia. Nimemgeuza mbwa wa mwajiri wangu sasa hivi hapa Seattle, upo!! Mwajiri kaniuliza natafuta nini.

#8 Swaleh M.

Assalaam alaykum. Nina swali la kweli, si la kejeli. Hii ya kumtoa kiumbe kizazi kidini imekaaje? Sisi tuna paka watatu hapa New Jersey na mama watoto amekataa katakata.

#9 Mlamu wa Langoni

Wa alaykum salaam, ndugu Swaleh. Wanazuoni wametofautiana. Wako waliokataa kabisa, wako walioruhusu ikiwa kuna maslahi na mnyama hadhuriki, na kuhasi beberu na mafahali ni jambo la kale katika nchi za Waislamu. Muulize sheikh wako unayemwamini, usichukue fatwa ya mtandaoni, hata hii yangu.

Kwetu Lamu paka ni wengi kuliko watu waliokaa barazani. Walipoanza kuhasi, wazee walinuna. Miaka ikapita wakaona paka wanaozurura sokoni wana manyoya, macho hayatoki tongo, usiku hakuna zile kelele za kugombana juu ya mabati. Leo mtu analeta paka mwenyewe. Lakini huko kwetu ni hela za wafadhili, wakichoka imekwisha. Ndiyo maana uzi huu nimeupenda: Wamarekani wameutoa mguu wa mfadhili wakatia mguu wa sheria.

#10 Kaka wa Newark

Swaleh, ukishapata jibu la sheikh, usikimbilie kliniki ya bei kubwa. New Jersey jimbo lina mpango wake tangu miaka ya 1980, ni katika ya kwanza kabisa Marekani. Ukiwa unapokea baadhi ya misaada ya serikali unalipa dola 10 tu kwa upasuaji, ukichukua mnyama kutoka makazi ya wanyama unalipa 20. Daktari anadai iliyobaki kwa jimbo. Pleti yetu ya wanyama imechorwa na Patrick McDonnell, mchoraji wa katuni za Mutts, mwenyeji wa hapa hapa. Katuni ile ndiyo iliyoniuzia, nakiri.

#11 Mpemba wa Sacramento

Mleta uzi kauliza kama hela inafika. Niwape mkasa wa California.

Sheria ya huku, pleti mpya haitengenezwi mpaka watu 7,500 waweke oda na hela mkononi kwanza. Mwigizaji Pierce Brosnan, yule wa James Bond, akachora picha ya mbwa na paka kwa ajili ya pleti hiyo, "Pet Lover's". Bodi ya madaktari wa wanyama ndiyo ikaidhamini. Ikachukua muda kufikisha idadi, kampeni juu ya kampeni, hadi ikafika. Dola 50 za kuanzia, 40 kila mwaka.

Wakashangilia. Hela ikaanza kuingia. Halafu? Ikakaa. Bodi ile kazi yake ni leseni za madaktari, haikuwa na mkono wa kugawa ruzuku. Miaka inapita, watu wanalipia pleti, paka wanazaa, hela iko benki. Mpaka 2017 ikatungwa sheria nyingine kuhamisha kazi kwenye idara ya chakula na kilimo ya jimbo, ndipo ruzuku zikaanza kutoka kwa utaratibu.

Mimi nilikuwa mmoja wa walionunua mapema. Niliringa na pleti yangu miaka yote hiyo nikidhani nimeokoa paka.

#12 Njugu Mawe

Hahahaa! Kumbe hata huku hela inalala usingizi. Nilidhani ni kwetu tu.

#13 Tumbaku Kavu

Watu wanachosahau ni kwamba pleti ni mali ya jimbo. Florida ilitoa ya chombo cha anga cha Challenger mwaka 1987, baada ya kile chombo kulipuka Januari 1986, watu wakanunua kwa wingi, majimbo mengine yakaona kumbe kuna hela kwenye bumpa ya gari. Tangu hapo kila mwenye jambo anataka pleti. Na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi iliyotoka huko huko Texas ya watu waliotaka pleti yenye bendera ya Wakonfederate (yale majimbo ya kusini yaliyojitenga enzi za utumwa), iliamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba maneno ya pleti ni kauli ya serikali, siyo ya mwenye gari. Kwa hiyo mleta uzi, kisheria anayesema anapenda wanyama ni Texas. Wewe umelipa tu dola 30.

#14 Kijana wa Chuda

😂😂 Nimelipa nisemewe. Sawa.

Mpemba, huo mkasa wako umenifungua macho. Nilipoanzisha uzi nilikuwa nalalamikia udogo wa dola 22. Sasa naona udogo sio tatizo kubwa. Sheria ya Texas imemtaja wa kugawa na imetaja ya kugawia, angalau kuna mlango wa kugonga. Pleti ikitungwa na watu wanaopenda picha, bila mtu mwenye kazi ya kuzitoa hela, ndiyo yanatokea ya kwenu.

#15 Shangazi wa Silver Spring

Wanangu, mimi naishi Maryland na nimestaafu, nina muda wa kusoma bajeti. Mnapigana juu ya kijiko wakati sufuria lipo jikoni.

Huku tuliachana na kutegemea huruma ya wenye magari. Tangu sheria ya 2013, kila aina ya chakula cha mbwa na paka inayosajiliwa kuuzwa Maryland, mtengenezaji anailipia ada ya nyongeza kila mwaka. Ilianza chini ikapandishwa kwa ngazi hadi dola 100 kwa kila bidhaa. Na bidhaa ni nyingi, ya kuku, ya samaki, ya mbwa mnene, ya paka mzee. Idara ya kilimo inakusanya na kutoa ruzuku kwa kaunti na mashirika. Hakuna anayeombwa mchango akiwa kwenye foleni.

New Hampshire wametangulia zaidi, tangu 1994. Wao wameongeza dola 2 kwenye leseni ya mbwa ambayo kila mwenye mbwa lazima akate. Dola mbili! Mwenye mbwa aliyehasiwa na asiyehasiwa wote wanachangia, maskini analipa sehemu ndogo ya upasuaji, mfuko unamalizia.

Pleti ni sadaka. Sadaka siikatai, lakini mfuko wa sadaka huwezi kuupangia mwaka ujao. Uchumi ukiyumba, kitu cha kwanza mtu anakata ni picha ya paka.

#16 Njugu Mawe

Shangazi shikamoo. Lakini mtengenezaji akitozwa si anaipandisha kwenye mfuko wa chakula? Mwisho wa siku analipa yule yule mwenye mbwa maskini.

#17 Shangazi wa Silver Spring

Marahaba. Analipa, kweli, lakini dola 100 ikigawanywa kwa mifuko yote ya aina ile inayouzwa jimbo zima kwa mwaka, kwenye mfuko mmoja hata senti hutaiona. Na kilio hicho ndicho viwanda walikuja nacho bungeni. Neno kwa neno, mwanangu.

#18 Nesi wa Paka

Naongezea hapo kwa shangazi. Mimi nataka vyote. Ruzuku ya jimbo lolote inakuja na masharti, robo mwaka, ripoti, risiti. Ile ya pleti inatusaidia hasa kwa mbwa wakubwa jike, ambao ndio ghali na ndio wanaokwama. Paka tunaweza kuungaunga.

Na msidhani hizi ni kazi bure. ASPCA, shirika la kutetea wanyama, walikadiria wanyama wanaouawa kwenye makazi ya wanyama Marekani walikuwa milioni 2.6 mwaka 2011, na kufikia 2019 ni kama 920,000. Kuna waliochukuliwa na watu kwenda kufugwa, kuna waliorudishwa kwa wenyewe, lakini kuhasi kupo ndani ya hiyo hesabu. Nilianza kazi kwenye makazi, siyo kliniki. Asubuhi za Jumatatu pale sitaki kuzielezea.

#19 Dalali Mstaafu

Nipo Dar, nawafuatilia. Mnaikumbuka bajeti ya 2016/17? Ada ya namba binafsi, ile ya kuandika jina lako kwenye gari, ilipanda kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa miaka mitatu. Inaingia Hazina, imepotelea humo. Hivi mtu anayelipa milioni 10 gari lisomeke jina la ukoo wake, ukimkata laki moja ya mbwa wa Kinondoni atajua? Hapa kwetu mbwa koko wakizidi halmashauri inaleta mtu na bunduki. Risasi nayo inanunuliwa.

#20 Jirani wa Gikomba

Dalali, wazo si baya lakini mmeanza na mwisho. Kwetu na kwenu kinachoua ni kichaa cha mbwa, na dawa yake ni chanjo. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa unakata maambukizi, wawe wamehasiwa ama hawajahasiwa. Kuhasi ni hatua ya pili, inasaidia wasizaliwe wapya wasiochanjwa kila mwaka. Kama kuna hela ya pleti ama ya nini, ianze hapo. Kuua ndiyo kazi bure kabisa. Ukipiga risasi wale waliochanjwa na wasiochanjwa pamoja, umetupa chanjo kwenye shimo.

#21 Dalali Mstaafu

Nimekuelewa, jirani. Nabakia na laki yangu, inunue chanjo kwanza.

#22 Swaleh M.

Mrejesho wangu mfupi: sheikh amesema hakuna ubaya maadamu paka hateseki na tumeshindwa kuwalea watoto wake. Mama watoto amesema amesikia. "Nimesikia" ya mke wangu mnaielewa.

#23 Kijana wa Chuda

Mrejesho wakuu, na samahani kwa kimya cha wiki tatu.

Pleti zimefika ofisi ya kaunti, nikapigiwa simu, nikazifuata. Texas zinakuja mbili, ya mbele na ya nyuma, unajifungia mwenyewe. Jumamosi jioni nikashuka na bisibisi. Skrubu ya nyuma upande wa kushoto imekula kutu, haitoki. Mzee wa Uvira akashuka na mafuta ya kupikia kwenye kizibo cha soda, akadondoshea, tukasubiri, ikalegea. Yeye hana gari, hajawahi kuwa nalo tangu afike Marekani. Akaishika pleti mpya kwa mikono miwili akaiangalia muda mrefu, akauliza yule mbwa wa kwenye picha mbona masikio hayafanani na ya Mama Taka. Zile za zamani tukazikunja kwa goti kabla ya kuzitupa, zisije zikavalishwa gari la mwizi.

@Njugu Mawe, ulisema nisikuache hewani. Mama Taka anaishi kwa Mzee, ghorofa ya kwanza, kinyume cha mkataba wa nyumba, na meneja anajifanya haoni. Kanenepa. Akijigaragaza kwenye zulia mstari wa kijani unaonekana, nilikuwa nikidhani ni rangi ya ukuta mpaka Nesi alivyoeleza hapa.

Tabia moja hajaiacha, mchana wa joto analala chini ya gari langu. Kila nikitaka kutoka lazima niiname kwanza nichungulie, napo naanza kuiona pleti.